Mwalimu Aliyetuwekea Kinyonga Mkononi

Mwalimu wetu wa Bayolojia aliota jua kama mjusi. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya gwaride, alisimama kwenye ukuta wa maabara unaotazama mashariki, sweta mbili mwilini, ya juu nyeusi, akangoja. Kwetu jua huchelewa, kwa kuwa ni lazima lipande Mlima kwanza, nalo likishafika juu hukaa kidogo nyuma ya vilele kana kwamba linavuta pumzi. Likitokea, Mwalimu alilipa ubavu wa kushoto, kisha akageuka taratibu akalipa wa kulia. Hakuzungumza na mtu mpaka shughuli hiyo iishe. Msichana aliyemsalimia mapema alijibiwa kwa kidole kimoja kilichoinuliwa: subiri.

“Mwili baridi haufundishi,” alisema.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa juu ya barabara itokayo Nyeri kwenda Naro Moru, pale mashamba ya viazi na kabichi yanapoishia na msitu kuanza. Yeye alikuwa mwanamke wa kutoka magharibi, kijiji kilichopakana na msitu wa mvua ambao aliuita “msitu mkubwa” kama vile huu wetu ulikuwa bustani ya mtu. Alikuwa ameletwa na barua ya kazi, naye kila mwaka alisema hatamaliza mwaka mwingine katika friji hii. Alikaa mpaka kustaafu.

Nilikuwa na swali moja la kumuuliza, nikatembea nalo miaka kumi na miwili. Nilipokuwa kidato cha pili alinilazimisha kumshika kinyonga wakati baba yangu alikuwa mgonjwa, na siku ya tisa baba akafariki. Mwaka uliofuata, Mwalimu hakumlazimisha tena msichana yeyote. Nilitaka kujua kwa nini aliacha. Lakini kwanza nieleze alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo utamchukia, na mimi sitaki achukiwe.

Alikuwa na neno moja lililokuwa kama fimbo: kwa hivyo. Masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa safi, lakini akifika kwa wanyama kilimponyoka akahamia Kiswahili, na hapo ndipo tulipojua somo limeanza. Ukisema bongo, yule swala mkubwa wa msituni, ana pembe zilizolala nyuma, alikutazama. “Kwa hivyo?” Kwa hivyo akikimbia huinua pua, pembe zikalala mgongoni, na vichaka havimnasi. Ukisema perere, yule pimbi wa mitini, ana nyayo laini zenye unyevu, “Kwa hivyo?” Kwa hivyo hupanda shina la mti unaoteleza kwa mvua na hadondoki. Hakuna kiungo kilichoruhusiwa kukaa bure darasani mwake. Rafiki yangu aliwahi kusema, kwa sauti ya chini, kwamba Mwalimu ana mabega mapana, na darasa zima likajibu kwa pamoja, “Kwa hivyo?” Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akatupa jaribio la ghafla.

Kitabu cha shule kilikuwa na ukurasa mzuri wa msitu wa mvua, ndege wenye midomo kama ndizi, mnyama wa kucha ndefu anayelala akining’inia. Aliufunika kwa kiganja. Hao, alisema, ni wa watu wengine, nao wana walimu wao. Sisi tuna wetu. Ndipo akatupatia wanyama wa msitu wake: kindi mwenye ngozi iliyotandazwa kati ya miguu, anayejirusha kutoka mti hadi mti kama shuka lililopeperushwa na upepo kutoka kwenye kamba, na chini ya mkia wake kuna magamba makavu ya kukwama kwenye gome asiteleze. Akatupatia poto, mnyama mdogo wa macho makubwa anayetembea polepole kiasi kwamba jani halitikisiki. Adui akija, poto hakimbii. Huinamisha kichwa katikati ya mikono na kuacha kisogo, na kisogoni kuna mifupa iliyochongoka chini ya ngozi. Anayeuma atauma hapo.

Lakini alichokipenda zaidi kwa poto ni kidole kilichopungua. Kidole cha pili kimebaki kama kifundo tu, ili kiganja kifunguke na kushika tawi kama koleo. Na mbega wetu wa hapa mlimani, alisema, hana kidole gumba, kimebaki alama. Vile vinne vilivyosalia huwa ndoano, naye huruka tawi hadi tawi bila kitu cha kumkwaza.

“Mnafikiri Mungu anaongeza tu,” alisema. “Huko msituni anapunguza pia. Na aliyepunguziwa ndiye anaishi.”

Sisi tulikuwa na miaka kumi na mitano na tulitaka kuongezewa kila kitu. Tuliandika tu.

Siku moja alituombea ruhusa kwa askari wa msitu akatupeleka hadi ukingoni, wasichana arobaini na wawili tukiwa na maandazi mifukoni. Tulitakiwa kukaa kimya kipindi kizima. Tulikaa kimya kwa muda wa kumeza andazi moja. Kisha mbega mmoja akaruka juu yetu, manyoya meupe yakimfuata nyuma kama kitambaa cha arusi, na kwa mara ya kwanza nikasikia wasichana arobaini na wawili hawana la kusema. Mwalimu hakutugeukia. Nilimwona amekunja mikono kifuani, ameibana sana, kama mtu aliyeona jamaa yake upande wa pili wa barabara na magari hayaishi.

Aliyevunja kimya alikuwa rafiki yangu yuleyule. “Mwalimu, na kama hana kidole gumba, anatuma aje meseji?”

“Amtumie nani? Jamaa zake wote wako mti mmoja,” alijibu bila kugeuka. “Ni wewe unayekaa mbali na jamaa zako.”

Aliwapenda wanyama wote wa porini na hakumpenda hata mmoja wa nyumbani. Paka wa bawabu alimfukuza kwa rula ya ubaoni. Kuku aliwaita wapangaji wasiolipa heshima. Mukimo wetu, viazi vilivyopondwa na majani ya maboga, alisema ni chakula kilichojificha kwa rangi ya majani ili kisiliwe, kisha akaongezewa sahani ya pili. Alituambia tuwe na subira kama poto, lakini foleni ya chai ya walimu ilimshinda. Alipenya ubavuni akiwa na kikombe chake mkononi, akisalimia watu kwa upole mkubwa huku akiwapita.

Na sokoni Karatina walimjua. Jumamosi moja aliona kinyonga kwenye ua karibu na kituo, akamtia katika kiondo juu ya sukuma wiki, kisha akaingia sokoni kununua viazi. Mama mmoja akaona sukuma inatembea. Hakupiga kelele. Aliinuka tu akaondoka, na wa pili yake akatazama akaondoka, mpaka safu nzima ya wauza viazi ikawa imehamia kwa wauza karoti. Mwalimu akabaki peke yake katikati ya magunia. Alisimama pale karibu saa nzima, kwa sababu hakuona vizuri kuacha mali ya watu bila mlinzi. Mwishowe wauzaji walimpigia kelele kutoka mbali kwamba achukue viazi bure, aende tu na mnyama wake.

Inabidi niseme kwa nini walihama. Kwetu kinyonga hashikwi. Wazee wanasema Mungu alimtuma kwa watu na ujumbe kwamba watu hawatakufa kabisa, naye akaenda mguu mmoja, akasita, akarudisha, akaenda tena. Alipofika akaanza kugugumia, na kabla hajamaliza sentensi ndege akafika na ujumbe wa pili: watu watakufa. Ndege ndiye aliyesikika. Kwa hiyo ukimwona kinyonga kwenye ua unapita upande wa pili, na nyumba ikiwa na mgonjwa, hata jina lake halitajwi.

Mwalimu alijua haya yote. Kila mwaka, mvua ndefu zikishapungua, alikuja kidato cha pili na tawi, na juu ya tawi kinyonga wa pembe tatu. Alimweka mkononi mwa msichana wa kwanza karibu na dirisha. Sheria ilikuwa moja: mshike, sema jambo moja la mwili wake na “kwa hivyo” yake, kisha mpitishe. Macho yanayotazama njia mbili. Ulimi mrefu kuliko mwili. Vidole vilivyogawanyika mafungu mawili kama koleo. Wengine walilia. Mmoja alitoka kwa dirisha na hakurudi mpaka siku ya pili.

Wazazi walilalamika. Katika mkutano mmoja mzee wa kanisa alisimama akasema kwa heshima kwamba wao ni Wakristo, mambo ya zamani hawayaamini hata kidogo. “Lakini mwalimu,” akasema, “mbona mumshike?” Mwalimu alitusimulia hilo kwa miaka, kila mara akikaribia kukosa pumzi kwa kicheko.

Alichomjibu yule mzee pia alitusimulia. Kinyonga wengi, alimwambia, hutaga mayai ardhini. Huyu wa kwetu hapa juu hatagi. Udongo wa Nyeri ni baridi, mayai yangekufa. Kwa hivyo mama huyabeba tumboni miezi mingi, anatoka asubuhi amejigeuza mweusi ili anywe jua, anawaotesha jua watoto wake kwa ubavu wake mwenyewe, mpaka azae watoto wazima wanaotembea.

“Mnasema alichelewa kuleta ujumbe,” Mwalimu alisema. “Mnajuaje hakuwa na mimba?”

Mzee wa kanisa aliketi.

Sasa nifike kwenye siku yangu. Baba alikuwa na ugonjwa wa figo kwa miaka miwili, na wiki hiyo alikuwa amelazwa hospitalini Nyeri. Cucu, mama yake baba, aliyekuwa akitulea, alinishika mkono mlangoni asubuhi. Alikuwa amesikia kwa majirani kwamba wiki hiyo ndiyo ya yule mnyama. Akaniambia wengine wakimshika ni shauri yao, mimi nisimguse, tuna mtu kitandani.

Kinyonga alipofika kwangu nilificha mikono chini ya dawati. Nilimwomba Mwalimu anisamehe leo. Akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Akasema katika darasa lake hakuna anayerukwa. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayemtoa mtoto mwiba, akachukua mkono wangu, akaufungua. Miguu ya kinyonga ilikuwa baridi na ilinibana kwa adabu. Nilisema jambo langu: ana mkia unaojikunja, kwa hivyo hushika tawi wakati mikono ina kazi. Nikampitisha. Ilichukua muda mfupi kuliko kuliandika hili.

Baada ya siku tisa baba akafariki.

Tulipomaliza mazishi Cucu aliniuliza, tukiwa wawili jikoni, kama yule mnyama wa shule nilimshika. Nikasema hapana. Huo ndio uongo pekee niliowahi kumwambia, na ulikaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga.

Mwalimu alikuja mazishini. Alisimama nyuma, kwenye mvua nyepesi, na sweta yake nyeusi. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu, iliyopasuka kwa kusuguliwa na sabuni ya kipande, na nilipoinua macho nikaona anaitazama pia.

Mwaka uliofuata nilikuwa kidato cha tatu, na darasa letu lilipakana na la kidato cha pili. Siku ya kinyonga nilisikiliza kupitia ukutani. Hakukuwa na kilio. Hakukuwa na viti kuburutwa. Wasichana walitoka wakasema Mwalimu alimshika mwenyewe, akawaonyesha, akasema anayetaka aje, asiyetaka akae. Walikwenda watatu. Nilisimama kwenye korido nikawatazama wakipita. Mwanamke yule hakuwahi kurudi nyuma kwa ajili ya mzazi, wala mzee wa kanisa, wala soko zima la Karatina. Kama ameacha, niliwaza, basi ameona kwamba ni kweli.

Nilikua na hilo. Nikamaliza shule, nikahamia Nanyuki, nikapanga chumba nyuma ya duka la fundi viatu, nikaanza kuandika hadithi ambazo ndani yake kila mara kuna mtu anaosha mikono. Wasomaji waliniuliza ile mikono ina maana gani. Nilisema ni taswira.

Mwaka huu nikasikia kwamba anastaafu na kurudi magharibi. Nikarudi hadi shuleni siku ya kufunga mizigo. Nyumba yake ya walimu ilikuwa imevuliwa mapazia, vitabu sakafuni, maboksi ya sabuni na ya mafuta yakingoja. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Aliniangalia kwa muda.

“Dirishani, kiti cha tatu,” alisema. “Umekonda. Chukua hiyo kamba.”

Tulifunga vitabu asubuhi nzima. Aliniuliza naandika nini, akaniuliza kama kuna mnyama yeyote ndani yake, nikasema hakuna, akasema hilo ni kosa. Lori lilitarajiwa saa nane. Ilipofika saa sita nikaona kwamba nitamsindikiza aondoke na jibu, nami nibaki na swali langu. Nikauliza nikiwa nimempa mgongo.

“Mwalimu, mbona uliacha kutulazimisha? Kinyonga.”

Nilimsikia akikaza kamba ya boksi. Kisha akasema kwamba ni kwa ajili yangu. Siku ile ya somo alijua baba ni mgonjwa, naibu wa mwalimu mkuu alikuwa amemwambia. Aliwaza kwamba akiniruka, darasa zima litajua kuwa hata yeye anaamini. Halafu pale kaburini akaona mikono yangu, akaapa hatamfanyia mtoto mwingine vile.

“Nilikuonea huruma,” alisema. “Ndiyo sababu.”

“Mimi nilifikiri umeacha kwa sababu umejua kwamba kumshika ndiko kulikomuua baba.”

Aliketi juu ya boksi la vitabu. Boksi likabonyea na hakujali.

“Miaka yote hii?”

“Miaka yote.”

Alivua miwani akaifuta na ncha ya sweta, akaifuta tena. Aliposema, hakuwa akinitazama. Alisema kwao pia hashikwi. Kwao wanasema kinyonga alinyimwa chakula na watu akawalaani wafe, na mama yake alikuwa akimfunika macho wakipita karibu na mti alipo. Mwaka wa kwanza alipomtoa kwenye ua wa shule, alikuwa na miaka ishirini na saba. Alimkamata kwa gazeti. Alinawa mara tatu. Halafu akangoja habari kutoka nyumbani, wiki baada ya wiki, nani amekufa. Hakufa mtu. Mwaka wa pili akangoja tena.

“Sijawahi kumshika bila kuogopa,” alisema. “Hata mwaka jana. Nilitabasamu ili nyinyi msianzie pale nilipoanzia mimi. Na ulipofiwa, nilipaswa kuja darasani siku uliyorudi, nikakwambia haya mbele ya wote. Hilo ndilo lilikuwa somo. Nikaona aibu.”

Sikumwambia nimemsamehe, kwa kuwa sikuwa nimefika huko. Nilitoa simu. Nilimwambia kuna mtu mwingine niliyemficha, na kama sitampigia sasa hivi sitampigia kamwe. Cucu alipokea upesi. Nikaweka sauti ya nje, nikailaza simu juu ya boksi.

Nilimwambia kwa lugha yetu, bila salamu ndefu, kwamba siku zile aliponiuliza nilidanganya. Nilimshika.

Kulikuwa na mbuzi akilia upande wa pili. “Najua,” Cucu akasema. “Ulimaliza sabuni yangu ya mwezi. Nilikuuliza ili uniambie, nikunawishe mimi.”

Akaendelea kwamba yeye kinyonga anamwogopa mpaka leo na hatabadilika, ni mzee. Lakini baba yangu alianza kuvimba miguu miaka miwili kabla sijamgusa mnyama yeyote, na wiki moja kabla daktari alikuwa ameshamwita yeye Cucu pembeni, akamwambia hatapona. Akauliza niko wapi. Nikasema niko kwa Mwalimu.

“Huyo aliyekupatia? Mpe simu.”

Mwalimu aliichukua kwa mikono miwili, akasimama kama msichana aliyeitwa ofisini. Cucu akahamia Kiswahili chake cha sokoni.

“Wewe ndio mwalimu?”

“Ni mimi, mama. Nisamehe. Ni mimi nilimwekea mkononi.”

“Amekwisha kuniambia. Na wewe? Nani alikuwekea?”

Mwalimu alitazama dirisha tupu, mahali palipokuwa na pazia.

“Hakuna mtu, mama. Nilimchukua mwenyewe.”

“Ukiwa peke yako?”

“Peke yangu.”

“Pole,” Cucu alisema. “Pole sana, mtoto wangu.”